Slaidi Ambayo Sikuiosha

Malangali, Sumbawanga
Jumapili, saa nane mchana

Skola mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Kaengesa kumuaga bibi yako, na najua hutarudi kabla ya jioni, maana bibi yako hamruhusu mtu aondoke bila kula mara mbili. Nimefunga duka. Nimekaa ndani kwenye kile kiti chenye mguu uliofungwa waya, na watu wawili wameshagonga wakiita, "Dokta! Dokta!" nikanyamaza kama sipo. Ukiwepo hapa siwezi kuandika. Nikisema nikusubiri nikuambie kwa mdomo, najijua, nitaongea habari za basi na blanketi, na kesho utapanda gari la Mbeya nikiwa nimeshindwa tena.

Mambo ya kufunga sanduku, kutompa mtu begi lako pale Tunduma, kutokula vya kuuziwa dirishani, shangazi zako wameshayasema mpaka umeanza kuwakimbia. Mimi nina jambo moja tu. Ni kuhusu kifo cha mama yako. Sivyo ulivyoambiwa, na aliyekuambia vingine ni mimi.

Nianzie karibu. Ulikuwa kidato cha tatu. Ulikuja dukani na daftari la bayolojia, ukanitupia juu ya kaunta ukasema, "Baba, shika hapo, nikikosea nikemee." Ulikuwa umechora seli mbili kwa penseli. Ya kushoto ndogo, ya bakteria, umeandika juu yake prokarioti. Ya kulia kubwa, ya mnyama, yukarioti. Ukaanza kumwaga Kiingereza chako, mimi nimekodoa macho, mpaka ukaniona ukacheka. "Haya mzee, nakuletea kwa Kiswahili."

Ukasema, prokarioti ni nyumba ya chumba kimoja. Jiko humo humo, kitanda humo humo, gunia la mahindi humo humo. Ule uzi unaobeba maagizo yote ya seli umejikunja tu pale katikati, hauna mlango wala pazia. Yukarioti ana vyumba. Maagizo yake yamewekwa chumba cha ndani, yamezungushiwa utando wake, na hicho ndicho kiini. Ana pia sehemu nyingine zenye utando, mojawapo ya kutengenezea nguvu. Bakteria hana hayo, ila ana ukuta wa nje mgumu wa aina yake, ambao sisi seli zetu hazina.

"Ndiyo maana penisilini inamuua yeye haituui sisi," ukasema. "Inamzuia kujenga ule ukuta, anajaa maji, anapasuka. Sisi hatuna ukuta huo, dawa inatupita tu. Umeona, baba?"

Nikasema nimeona.

"Na mdudu wa malaria je? Yeye yuko upande gani?"

Mwanangu, nilikuwa nimeangalia wadudu hao kwa miaka kumi na minne. Nilikuwa nawajua kuliko ninavyowajua jirani zangu. Nikakujibu, "Ana kiini. Yuko upande wetu."

"Kwa hiyo penisilini haimfanyi kitu."

"Haimfanyi kitu," nikasema. Kisha nikakuambia naenda kukojoa. Nilisimama nyuma ya choo nimeshika ukuta, na wewe ndani nakusikia unarudiarudia kwa sauti, hana ukuta, ana kiini, hana ukuta, ana kiini. Uliporudi shule ukapata alama nzuri katika mtihani ule. Ulinionyesha karatasi, na mimi sikukupongeza, ukanuna siku mbili. Sasa utajua kwa nini.

Unajua kwamba nilifanya kazi maabara ya hospitali. Nilichokuficha ni jinsi nilivyotoka. Walikuja kupunguza watu, majina yakabandikwa ubaoni, na langu likawa katikati ya mpishi na mlinzi wa geti. Mimi ni mtu wa hasira, hilo huhitaji kuambiwa. Nilisimama pale uwanjani, wauguzi wananitazama, nikasema kwa sauti kwamba nikikanyaga tena mlango wa maabara ile niitwe mbwa. Baltazari, mwenzangu tuliyeshirikiana darubini moja, alinishika mkono akasema, "Acha, ndugu yangu, maneno hayo utayahitaji." Nikamsukuma.

Tukahamia Izia, chumba kimoja, wewe umelala nyuma ya pazia la kanga. Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu vilivyokuwa havionekani sasa vilimwagwa barabarani: mitumba, redio, sabuni za kila rangi, na dawa. Kwa fedha waliyonipa ya kuniaga nikafungua duka la dawa baridi. Leseni ilisema vidonge vya kichwa, dawa ya kikohozi, plasta. Chini ya kaunta niliweka vichupa vya penisilini na sindano, kama walivyofanya wengine, kwa sababu watu wa hapa bila sindano hawaamini kwamba wametibiwa. Na wakaanza kuniita dokta. Kule maabara nilikuwa ni "wewe wa mikojo na vinyesi." Huku nikawa dokta! Mama yako alikuwa akinicheka. "Dokta wa kopo," alikuwa akiniita, maana sindano nilikuwa nachemshia kwenye kopo la majarini.

Yeye hakutaka kukaa tu. Aliungana na Mama Minza, yule jirani yetu Msukuma mrefu aliyekuwa akikuletea maziwa ya mgando, unamkumbuka? Familia yake ilikuwa na ng'ombe kule bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Mama yako alikuwa akishuka naye na robota la mitumba na maharage, analala kwao siku nne tano, anarudi juu ya lori na mpunga na samaki wakavu. Alikuwa na furaha miezi ile. Alirudi amechomwa jua, anaimba, anakuamsha usingizini kukuonyesha samaki mwenye sharubu. Nasema hili ili ujue kwamba hakufa mtu mnyonge.

Mwaka ule alishuka wakati wa mavuno ya mpunga. Akarudi mwanzoni mwa Juni, mzima kabisa. Zikapita kama wiki mbili. Upepo wa Ufipa ukaanza ule wa kukata masikio, kila nyumba watoto wanakohoa, na siku moja jioni mama yako akaacha kusonga ugali katikati akasema, "Baba Skola, nasikia baridi." Meno yakagongana. Nikamfunika mablanketi mawili na koti langu. Kikohozi nacho kikawa kipo.

Sasa sikiliza namna yetu sisi watu wa huku juu. Tunaamini malaria ni ya bondeni. Kule kuna joto, kuna mbu, kule ndiko watu wanakoumwa. Huku juu ni baridi na kichomi, ile inayoitwa nimonia hospitali. Mtu akitetemeka Juni hapa Sumbawanga, hata mtoto wa chekechea atakwambia ni kichomi. Lakini mimi sikuwa mtoto wa chekechea. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapima wanaopanda kutoka bonde lile, nawakuta na wadudu wiki mbili baada ya kurudi, na kuwaambia wauguzi wapya, "Msiulize mgonjwa anaishi wapi, ulizeni alilala wapi mwezi uliopita." Maneno yangu hayo. Nilikuwa nikiyasema kwa majivuno.

Nikampiga sindano ya penisilini. Usiku akatoka jasho, asubuhi akaamka mwepesi, akanywa uji. Nikasema, "Unaona? Dawa imeingia." Na nikafurahi, mwanangu. Nilitembea kwenda dukani nikipiga mluzi. Homa ya malaria ndivyo ilivyo, inapanda inashuka, inakuacha upumue kisha inarudi, na hilo pia nilikuwa nalijua.

Siku ya pili ikarudi. Nikapiga nyingine. Mama Minza akaja kumwona, akamshika shingo, akanigeukia. "Shemeji, hii sisi tunaijua. Hii ya bondeni. Mpime." Nikamwambia aniachie kazi yangu, kwamba mimi sitibu ng'ombe. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mtu aliyekuja na maziwa mkononi. Aliweka kibuyu chini akaondoka.

Siku ya tatu mama yako mwenyewe alisema. Alikuwa ameegemea ukuta, macho yamekuwa makubwa. "Baba Skola, si unitoboe kidole? Vioo vyako si viko pale kwenye kopo?" Nami nikamjibu, "Malaria ya wapi na baridi hii, Mama Skola?"

Sikiliza vizuri. Sindano za kutobolea nilikuwa nazo. Slaidi, vile vioo vya kupakia damu, nilikuwa nazo, nilizibeba siku nilipofukuzwa. Kitu ambacho sikuwa nacho ni darubini, na darubini ilikuwa maabara, dakika kumi kwa miguu. Nikitoboa kidole, lazima nipeleke slaidi kule. Nikipeleka kule, nimekanyaga. Watasema, huyo, si alisema aitwe mbwa? Watasema, dokta wa Izia amekuja kutuomba. Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafuta nyingine miaka yote hii, sijaipata. Mke wangu alinyoosha mkono nimtoboe kidole, na mimi niliogopa kuchekwa.

Siku ya nne hakunitambua vizuri. Alikuwa anaongea na mama yake kwa Kifipa, habari za ulezi ambao haujapurwa. Macho yamegeuka manjano. Mkojo aliokojoa kwenye beseni ulikuwa wa rangi ya chai nzito. Nilipouona ule mkojo nikachukua kopo. Nilipomtoboa kidole akafumbua macho, na safari hii alinitambua.

"Umekubali," akasema.

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu. Hakulisema kwa ukali, na afadhali angelisema kwa ukali.

Nikamwita jirani mwenye mkokoteni ampeleke hospitali, mimi nikatangulia mbio na slaidi mkononi naipuliza ikauke. Nilikanyaga. Hakuna aliyecheka, Skola. Baltazari aliniangalia usoni, akachukua slaidi bila kuuliza, akaipaka rangi. Ilipokuwa tayari aliinuka kwenye kigoda chake akanipisha. Sijui kama alifanya hivyo kwa wema au kwa adhabu.

Nikatazama. Walikuwa wamejaa. Pete ndogo ndogo za bluu ndani ya chembe za damu, nyingine mbili mbili katika chembe moja, na kila pete ina kidoa chake chekundu. Kidoa kile nilikuwa nimekiona maelfu ya mara, ndicho tulichofundishwa kukitafuta: ukiona bluu na nyekundu pamoja, umempata. Hakuna aliyeniambia kile chekundu ni kitu gani. Ni wewe uliyeniambia, miaka mingi baadaye, juu ya kaunta ya duka. Ni kiini. Kile chumba cha ndani. Maana yake ni kwamba nilikuwa nimempiga mama yako siku nne mfululizo dawa ya kubomoa ukuta, na mdudu aliyekuwa anamla hana ukuta wa kubomolewa. Alikuwa upande wetu, amejengwa kama sisi, na penisilini yangu ilimpita kama ilivyonipita mimi.

Walimtundikia dripu ya kwinini. Alifariki asubuhi, chupa ikiwa haijaisha.

Watu waliniuliza, nikasema kichomi. Bibi yako aliniuliza, nikasema kichomi. Wewe ulikuwa na miaka minane, ulikuwa umeshika lile beseni hutaki kuliachia, ukaniuliza, nikasema kichomi. Baltazari alisikia, akanyamaza, na hadi leo tukikutana sokoni tunasalimiana kwa kichwa tu.

Ingeishia hapo ningesema nimebeba mzigo wangu mwenyewe. Haikuishia. Matangani watu wakaanza kunong'ona. Mwanamke mwenye nguvu vile, anayeimba, afe kwa kichomi cha siku nne? Akiwa anadungwa sindano na mume dokta? Haiwezekani. Alikula wapi? Alilala kwa nani? Na maziwa yale je? Ndani ya wiki jina la Mama Minza likawa linatajwa waziwazi kwenye bomba la maji. Bibi yako alikuja kwangu akaniuliza, "Baba Skola, wewe unasemaje?" Ningeweza kumwambia wakati ule. Ilikuwa ni kusema tu, mama, ni malaria, nimeiona kwa macho yangu, na kosa ni langu. Nikasema, "Mimi sijui, mama. Ya watu ni mengi."

Mama Minza alitupiwa mawe dirishani. Alifunga vitu vyake akashuka bondeni na watoto, na hajapanda tena. Wewe ulifundishwa kwamba yule ni mchawi, ukawa unatema mate ukisikia jina lake, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nakusikia. Yeye peke yake ndiye aliyeniambia mpime.

Nilidhani nitakufa nalo. Kisha juzi Padri alipokuita kukuandikia barua ya chuo nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikuuliza kwa nini umechagua kazi ya maabara. Ukamwambia, "Mama yangu alikufa kwa nimonia, na baba alipigana kumwokoa kwa mikono yake mwenyewe, siku nne hakulala. Nataka niwe kama yeye." Eti kama mimi! Nilitoka pale. Hapana, Skola. Ukienda na hilo, utakuwa umeanza kazi hii juu ya uongo wangu. Na hata nisiposema, utafundishwa. Utakaa darasani siku moja, mwalimu atasema dalili, utakumbuka mkojo ule wa kwenye beseni, na utajua mwenyewe, mbali, bila mtu wa kumpigia kelele. Afadhali upige kelele kwangu.

Sina mawaidha mengi. Mimi si wa kumpa mtu mawaidha. Nakuomba tu, siku mgonjwa akikuambia "nipime," mpime, hata kama unajua jibu. Hasa kama unajua jibu. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku nne nikampoteza mama yako. Kisha nikachelewa miaka kumi, na nimempoteza Mama Minza, na huenda nakupoteza wewe.

Kesho nikishakusindikiza stendi sitarudi dukani. Vile vichupa vya chini ya kaunta nimeshavimwaga chooni leo asubuhi. Nitakwenda Kaengesa nimwambie bibi yako, aniseme atakavyo. Kisha nitashuka bondeni kumtafuta Mama Minza. Sijui nitamwambia nini. Labda nitampigia magoti, labda atanifungulia mbwa, na mbwa hao nimewastahili.

Barua hii nitaiweka chini kabisa kwenye sanduku, chini ya shuka, ili uikute umeshafika. Ndiyo, huo nao ni woga, umeniona. Pembeni yake utakuta kiboksi cha dawa kilichofungwa uzi. Usikitikise. Ndani, kwenye pamba, kuna slaidi.

Siku zile vioo vilikuwa vya shida, kila slaidi ikishasomwa tulikuwa tunaiosha kwa sabuni na kuitumia tena. Baada ya mazishi Baltazari alinipa ile akasema, "Hii ni yako, kaioshe." Nilikwenda nayo mpaka kwenye bomba, nikafungua maji, nikashindwa. Kila kitu kingine chake kilizikwa au kiligawiwa. Nimeitunza gizani ili rangi isipotee, na nadhani haijapotea.

Utakapopewa darubini na kufundishwa lenzi ile ya mafuta, subiri wenzako watoke. Weka tone moja, shusha polepole, usivunje. Utawaona wale wenye kidoa chekundu, uwachukie, ni haki yako, na baada yao unichukie mimi. Lakini katikati yao kuna chembe ambazo hazijaguswa, duara safi, rangi ya waridi. Hizo ni za mama yako. Zitazame hizo kwanza.

Pembeni ya kioo kuna maandishi ya penseli. Desturi ya maabara ni kuandika namba ya mgonjwa. Siku ile, nikiwa nakimbia, namba sikuwa nayo. Niliandika jina nililokuwa namwita kila siku, Mama Skola, na ndani ya jina hilo limo lako.

Baba yako